Acheni Kumsingizia Jack White!

Jumapili moja ya hivi karibuni, kwenye saa nne asubuhi, bodaboda ilisimama mlangoni kwetu Temeke. Kati ya dereva na abiria kulikuwa na kitu kirefu kimeviringishwa kwenye shuka. Nikadhani ni mbao. Kumbe lilikuwa gitaa zito la besi, gitaa la mjomba wangu, limerudi nyumbani.

Abiria nilimfahamu. Ni mpiga besi wa bendi moja ya roki ya washikaji zangu wa mtaani, kijana mpole ambaye jina lake silitaji humu kwa kuwa sijamwomba ruhusa. Aliliteremsha lile gitaa taratibu kama mtu anayeteremsha mgonjwa, akamwamkia mjomba, "Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. Kulikoni, limekufa?"

"Hapana mzee, zima kabisa. Wamesema bendi haihitaji besi tena."

Mjomba hakusema neno. Alifungua shuka, akapitisha kidole gumba kwenye uzi mnene, akatega sikio, akalipeleka ndani. Gitaa lile ndilo alilopigia dansi kwa miaka mingi katika kumbi za mji huu, na vijana aliwaazima bure kabisa kwa sharti moja tu: lisilazwe kwenye saruji. Kijana alilitimiza sharti hilo. Hata mkwaruzo mpya hakuna.

Jioni nikawafuata washikaji kijiweni kuuliza kulikoni. Wala hawakuona haya. "Ina maana wewe mwandishi huna habari?" akasema mpiga solo. "White Stripes hawakuwa na besi. Doors hawakuwa na besi. Black Keys walianza wawili tu. Sisi ni nani?" Halafu, bila hata kupumua, wakaniomba niwaandikie maelezo ya bendi, ukurasa mmoja hivi, wauonyeshe kwa wenye kumbi. Niseme wao ni bendi ya roki isiyo na besi, kwamba huo ndio mtindo wao, ndiyo falsafa yao. "Wewe maneno unayo mwanangu, yapambe."

Nimekaa na ombi hilo wiki tatu. Jibu langu ndilo hili, na ninalitoa hadharani kwa sababu naamini si wao peke yao wanaosema hivyo.

Kwanza nitaje ninachokikubali, asije mtu akasema nimetumwa na mjomba. Bendi ya roki inaweza kupiga bila besi na ikapiga vizuri sana. Tena kuna bendi ambazo ukiziongezea besi unaziua. Katika hili mimi na mjomba hatupatani, na tumebishana mpaka shangazi akatuzimia taa.

Mchukueni huyu mzee wa Chicago aliyeitwa Hound Dog Taylor. Alizaliwa Mississippi mwaka 1915, akahamia Chicago miaka ya 1940, na kwa miaka mingi alipiga katika vilabu vidogo vya upande wa kusini wa mji ule, gitaa la Kijapani la bei poa mkononi, bomba la chuma likiteleza juu ya nyuzi. Bendi yake, HouseRockers, ilikuwa na watu watatu: yeye mwenyewe, Brewer Phillips kwenye gitaa la pili, na Ted Harvey kwenye drams. Besi hakuna. Mwaka 1971 kijana mmoja, Bruce Iglauer, karani wa kupakia mizigo katika kampuni ya santuri, alipoona bosi wake hana hamu ya kumrekodi mzee huyo, akaanzisha kampuni yake mwenyewe ili amrekodi. Ndiyo Alligator, ambayo hadi leo ni kampuni kubwa ya bluzi. Najua mtasema hiyo ni bluzi, siyo roki. Haya, sikilizeni santuri ile ya kwanza halafu mnionyeshe roki yenye makelele zaidi ya hayo.

Sasa tazameni Phillips alikuwa anafanya nini. Alikuwa na gitaa la kawaida kama la mwenzake, lakini Taylor alipopanda juu, Phillips alishuka kwenye nyuzi nene akatembeza mwendo wa chini. Taylor alipotulia, Phillips akapanda. Hakuna aliyejifanya kwamba kazi ya chini haipo. Ilifanywa na mtu, mtu huyo alionekana, na jina lake lilijulikana. Shikeni jambo hilo, nitalirudia.

Au The Cramps wa New York, walioanza mwaka 1976. Magitaa mawili, drams na mwimbaji. Hawakuwa na besi hadi katikati ya miaka ya 1980. Gitaa moja lilikuwa la Poison Ivy, mwanamke ambaye mkono wake haukuwa na papara. La pili lilivuma tu kama mashine ya kusaga iliyolegea skrubu. Muziki wao ni wa mizimu na sinema za kutisha, na mzimu ukiupa besi nene unakuwa mtu mnene, hautishi tena. Hapo pengo lina kazi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni Sleater-Kinney. Hawa walianzia Olympia, jimbo la Washington kule Marekani, mwaka 1994, na jina la bendi walilitoa kwenye barabara. Corin Tucker gitaa, Carrie Brownstein gitaa, na kuanzia mwaka 1996 Janet Weiss kwenye drams, ambaye alidumu nao hadi 2019. Akina dada hawa hawakusema "hatuna besi, basi tupige kama kawaida." Walilegeza nyuzi za magitaa yao yote mawili nusu-toni tatu kwenda chini. Mmoja anacheza huku chini, mwenzake anamjibu kule juu, halafu wanabadilishana, na sauti zao za kuimba nazo zinapandana vilevile, kila mmoja na maneno yake. Tafuta albamu yao ya mwaka 1997, Dig Me Out. Ukiisikiliza unajihisi kama umesimama kwenye daladala iliyojaa, huna pa kushika, na dereva anakata kona. Besi ingekupa pa kushika. Wao hawakutaka ushike! Hiyo ndiyo bendi isiyo na besi, jamani. Walipomkosa mtu wa nne, watatu waliobaki walibadilisha upigaji wao wote, toka kwenye nyuzi mpaka kwenye koo.

Mjomba nilimpigia wimbo mmoja wa albamu hiyo. Akausikiliza wote, kwa heshima. Mwisho akasema, "Wanajua kazi. Ila magoti yangu hayajasikia kitu." Kwake yeye solo unaisikia kwa masikio, besi unaisikia kwa magoti. Huyo ni mtu wa dansi. Katika dansi ya hapa kwetu kuna solo, kuna rizimu, kuna tarumbeta, kila mmoja ana zamu ya kujionyesha, na anayezuia wachezaji wasitawanyike ni yule aliyesimama nyuma karibu na drams, hatabasamu. Nikamwuliza, "Sasa mjomba, mchiriku je? Mbona watu wanacheza mpaka asubuhi na gitaa la besi halipo?" Maana mchiriku wa uswahilini, kama wanavyoupiga Jagwa Music tangu 1992, ni kinanda kidogo cha Casio, ngoma, na spika inayolia kama inakata roho. Mjomba akanijibu haraka, "Wana ngoma mpwa wangu. Kiti hicho ni cha ngoma tangu mwanzo. Hakuna aliyenyanyuliwa."

Hakuna aliyenyanyuliwa. Nilikaa nayo kauli hiyo usiku kucha.

Haya, sasa turudi kwenu washikaji, na mashahidi wenu mliowaita.

Shahidi wenu wa kwanza ni White Stripes, na huyu ndiye mnayemsingizia kupita wote. Jack White na Meg White, Detroit, walianza mwaka 1997, wakaachana na bendi mwaka 2011. Yeye gitaa, kinanda mara mojamoja, na kuimba. Yeye Meg drams. Mavazi mekundu, meupe na meusi basi. Walijitangaza kuwa kaka na dada, kumbe walikuwa mume na mke, na ndoa ilishavunjika wakati dunia inawajua. Lakini kwenye muziki hawakumdanganya mtu: walikuwa wawili toka siku ya kwanza. Hakukuwa na mtu wa tatu aliyerudishwa kwao juu ya bodaboda.

Na wimbo wenu mnaouita ushahidi, Seven Nation Army wa mwaka 2003? Mnaujua hata msiojua kwamba mnaujua. Ndio ule mashabiki wa mpira wanaoimba bila maneno, "oo, o-o-o-o, oo". Mashabiki wa Club Brugge waliubeba kutoka Milan mwezi Oktoba mwaka huohuo, timu yao ilipomfunga AC Milan. Wa Roma wakauchukua, na Italia ilipobeba Kombe la Dunia 2006 nchi nzima ikawa inaimba. Mwaka 2018, Kombe la Dunia la Urusi, tulikuwa kwa jirani mwenye televisheni, timu zinaingia uwanjani, wimbo ukalia. Mjomba akainua kichwa. "Huyo mpiga besi ana adabu," akasema. "Noti saba tu, wala hana haraka."

Wakati ule sikujua. Miaka miwili baadaye nikaja kusoma kwamba lile si gitaa la besi. Ni gitaa la kawaida, limepitishwa kwenye kifaa cha kukanyaga kwa mguu kiitwacho Whammy ambacho kinaishusha sauti oktava nzima. Nikakimbia kumweleza mjomba nikidhani nimemshinda. Akacheka. "Mpwa wangu, kama limeshuka mpaka kwenye besi, likapiga mwendo wa besi, na viwanja vizima vinaimba ule mwendo wa besi, kilichobaki kukosekana ni nini?"

Kwa kweli sikuwa na jibu, na hata leo sina. Uzi mnene wa gitaa la kawaida unatetema mara 82 hivi kwa sekunde. Wa besi mara 41. Jack White alipokanyaga kile kifaa alikuwa anahama nyumba kwenda kukaa huko chini kwa sababu wimbo ulimtaka huko. Ndiyo kusema, wimbo mnaoutumia kuthibitisha kwamba besi haina kazi ni wimbo ambao dunia nzima inaimba besi yake na haikumbuki hata maneno. Jamani! Mngetafuta shahidi mwingine.

Mkamtafuta. Mkaleta The Doors.

Hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Ni kweli, jukwaani The Doors hawakuwa na gitaa la besi. Lakini Ray Manzarek, mpiga kinanda, alikuwa na kinanda kingine kidogo cha besi, akikipiga kwa mkono wa kushoto usiku kucha huku wa kulia ukifanya mengine. Mkono mmoja wa mtu mzima ulikuwa umeajiriwa kufanya kazi ya besi. Na waliporekodi? Kwenye albamu yao ya kwanza, mwaka 1967, besi ya nyimbo kadhaa ilipigwa na Larry Knechtel, mpiga vyombo wa kukodiwa wa Los Angeles. Kwenye jalada jina lake halikuandikwa. Albamu ya pili, mwaka uleule, alikuwapo Doug Lubahn. L.A. Woman ya mwaka 1971 besi ni ya Jerry Scheff, aliyekuwa akimpigia Elvis Presley. Kwa hiyo msemapo "Doors hawakuwa na besi", mnachosema hasa ni kwamba Doors walikuwa na besi na wapigaji wake hamtaki kuwajua.

Mjomba amepiga katika nyimbo ambazo hadi leo zinawekwa kwenye maharusi. Juzi nilikuwa kwenye sherehe moja Mbagala, wimbo wake ukapigwa, akina mama wakanyanyuka wote. Ukichukua kanda ya wimbo ule unakuta jina la bendi na jina la mwimbaji. Basi. Nilimwuliza kama inamuuma. Akaniambia besi ndivyo ilivyo, wakikusikia sana ujue umekosea. Akacheka, lakini nilimwona anavyocheka.

Black Keys nao? Dan Auerbach na Patrick Carney, Akron, Ohio, mwaka 2001. Albamu ya kwanza waliirekodi chini ya nyumba ya Carney; ya mwaka 2004 waliirekodi kwenye kiwanda cha matairi kilichofungwa. Wawili kweli, na nyimbo za wakati ule zina ukali ninaoupenda. Lakini ilipofika 2010, muziki wao ulipotaka chini iliyojaa, kwenye albamu wakaweka besi na kwenye ziara wakamchukua mpiga besi. Hawakuona aibu. Nyinyi ndio mnaona aibu kwa niaba yao.

Kuna hoja nyingine mlinitupia, kwamba eti vijana siku hizi wanasikiliza kwenye simu, na spika ya simu besi haitoi, kwa hiyo kwa nini mhangaike. Hii nilidhani ni hoja nzuri mpaka nilipoichunguza. Ni kweli spika ndogo haiwezi kutoa mitetemo 41 kwa sekunde. Lakini sikio la binadamu linapopata zile sauti za juu zinazofuatana na noti ya besi, ubongo wenyewe unaijenga ile ya chini iliyokosekana. Unaisikia noti ambayo spika haikuitoa. Ndiyo maana hata wazee wetu waliweza kufuata besi kwenye redio ndogo za mkulima. Ila sharti mtu awe ameipiga kwanza. Spika ya simu ya bei ya chini kabisa inamkumbuka mpiga besi kuliko mnavyomkumbuka nyinyi.

Nije kwenye falsafa, kwa kuwa neno hilo mlilitumia.

Mwaka 1984 Prince alirekodi When Doves Cry. Alipiga vyombo vyote mwenyewe, besi ikiwemo, na besi alikuwa anaijua sana. Akausikiliza wimbo, akaona umekuwa wa kawaida, akaifuta besi yote. Wimbo ukashika namba moja Marekani wiki tano. Mtasema, si ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo, lakini tazameni mpangilio: aliipiga, akaisikia, akaitoa, na alichokitoa kilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Mimi ninaandika riwaya, iko kwenye kaunta buku ya tatu sasa, na mwaka jana nilifuta sura nzima ya kurasa 40 kwa sababu ilikuwa inaeleza kila kitu. Iliniuma wiki nzima. Pale palipokuwa na sura ile sasa pana kimya, na nakijua kile kimya kwa sababu najua kilichokuwamo. Hicho ni kitu kimoja. Kitu kingine kabisa ni yule mwandishi (na humu ndani tupo, tusidanganyane) ambaye hadithi yake haina mwisho kwa sababu ilimshinda, halafu anakwambia ni mtindo. Falsafa iliyokuja baada ya tukio kwetu inaitwa kisingizio.

Na mkitaka kujua kumtoa mtu kunavyoweza kufanyika hata akiwa amesimama palepale, sikilizeni Metallica, ...And Justice for All, mwaka 1988. Mpiga besi wao Cliff Burton alikufa kwenye ajali ya basi Sweden mwezi Septemba 1986. Wakamchukua Jason Newsted. Albamu ikatoka, na besi ya Newsted imeshushwa kiasi kwamba karibu haisikiki. Jina lake lipo kwenye jalada, picha yake ipo, kazi yake haipo. Watu wengi waisifu albamu ile, nami naisifu, nyimbo zake ni kali. Lakini sijawahi kuisikiliza bila kumfikiria yule bwana siku alipoipata nakala yake, akaiweka, akangoja kujisikia.

Sasa nawauliza nyinyi, washikaji zangu, mbele ya wasomaji hawa. Zile nyimbo tatu mlizorekodi mwaka jana, ambazo bado mnazituma kwenye simu za watu na kuwapigia wenye kumbi mkiwa mnatafuta kazi, zina nini? Nimezisikiliza tena juzi kwa spika kubwa ya kuazima. Zina besi! Tena besi nzuri. Wimbo wa pili, ule wa mvua, ukiondoa besi hakuna wimbo. Magitaa mawili yanapiga kitu kilekile na mpiga drams anasubiri mtu amwongoze. Mnatembea na mikono ya yule kijana mifukoni mwenu huku mnanitaka niandike kwamba hamumhitaji. Knechtel angalau alilipwa akaenda zake.

Na tangu aondoke nimewasikia mara mbili. Hamkubadilisha chochote. Mpiga solo anapiga vilevile, mpiga gitaa la pili vilevile, nyuzi zilezile, nyimbo zilezile, ila katikati kuna shimo na kila mmoja analiruka kama hajaliona. Sleater-Kinney waliliingia lile shimo wakajenga humo. Phillips alishuka mwenyewe. Nyinyi mmetandika mkeka juu yake.

Mnajua na mimi najua kilichotokea. Ukumbi ule wa Ijumaa unawalipa 100,000. Kwa wanne ni 25,000 kila mtu, na nauli humo humo. Kwa watatu ni 33,000 na chenji. Sisemi ni dhambi. Njaa ipo, kodi ipo, mimi mwenyewe nimemaliza kidato cha nne miaka kadhaa sasa na ninaishi kwa mjomba. Siwezi kumhubiria mtu kuhusu pesa. Mngeniambia, "Pesa haitoshi, tumemtoa mwenzetu, na tumemtoa yeye kwa sababu ni mpole hatapiga kelele," ningenyamaza. Pengine ningewanunulia soda. Lakini mmemtoa mtu kwa ajili ya 8,000, halafu mnataka nimlete Jack White kutoka Detroit aje awe shahidi! Mtu ambaye hata hakuwa na wa kumtoa!

Mjomba aliposikia nawaandikia hili alinikataza. "Waache, ni vijana, watajifunza." Nikamwambia mjomba, hata wale waliokuwa hawaandiki jina lako walikuwa vijana wakati ule. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama kaunta buku bado ina nafasi.

Gitaa sasa limesimama ukutani chumbani kwake, juu ya zulia. Yule kijana anakuja Jumamosi jioni, mjomba anamfundisha mapigo ya zamani, na mlango wanaufunga. Kupitia ukutani sisikii chochote cha juu. Nasikia ile ya chini tu, na meza yangu inatetemeka kidogo ninapoandika.

Maelezo mliyoomba nimeyaandika, yana mistari minne. Yanasema bendi ilianzishwa na watu wanne. Yanasema nyimbo zenu tatu zina besi, na jina kamili la aliyeipiga lipo, nimelikagua herufi kwa herufi. Yanasema mnapiga watatu sasa. Mstari wa nne nimeacha wazi, mjaze wenyewe kwa nini. Nimempa mpiga drams siku ya Jumanne. Hadi nakabidhi makala hii kwa mhariri, hamjanijibu.